Mwita Majina wa Mabanga

Arusi ya Goma bila modereta si arusi. Ni mkusanyiko wa watu wanaosubiri chakula. Modereta ndiye anayeshika mikro, anayewaambia wazazi wasimame lini, keki ikatwe saa ngapi, na mjomba aliyezidisha bia akae chini bila kuaibishwa. Mji huu una modereta wengi kama mawe ya volkano. Lakini ungewauliza wanamuziki ni nani wanataka awatambulishe, kwa miaka ishirini na sita wangekujibu jina moja: Mama Gisèle wa Mabanga.

Si kwamba alikuwa na sauti ya ajabu. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke aliyelea watoto watano ndani ya nyumba ya mbao yenye paa la bati, ambako mvua ikinyesha lazima upaze sauti ili usikike. Vichekesho hakuvijua, akijaribu kuchekesha, wageni walitazama sahani zao. Alikuwa na kitu kimoja tu: hakukosea jina la mtu. Na wanamuziki wa Goma, Mungu awasaidie, wana majina.

Jina kama Kambale halina shida. Ukiita Kambale pale sokoni Birere watageuka wanaume kumi, na wa kumi na moja atakuuliza unamtaka yupi. Lakini yupo mpiga tarumbeta wa kutoka Kalehe anayeitwa Rhugwasanye, na ile sauti ya mwanzo haikai kinywani mwa mtu ambaye hakulelewa na bibi wa kabila la Washi. Yupo mpiga kinanda aliyebatizwa Wenceslas na padri mwenye kalenda ndefu ya watakatifu, na tangu siku hiyo bibi zake wamemwita kila kitu isipokuwa hicho. Tena wapo waliobeba sentensi nzima, kwa sababu siku waliyozaliwa mama alikuwa na jambo la kumwambia Mungu, au jirani.

Modereta wengine wakifika kwenye jina la namna hiyo hulitafuna. Au huliruka: "Na sasa artisti wetu wa tarumbeta, makofi kwake!" Makofi hupigwa, ndiyo, lakini yanapigiwa tarumbeta. Mwenye kuipuliza anabaki pale kama kiti cha kukodi.

Gisèle Bashige alizaliwa Bukavu, binti wa karani, na mwenyewe akawa karani. Siku za kazi alikaa kwenye biro ya kata akiandika waliozaliwa, waliohamia, waliokufa. Ungedhani ustadi wake ulitoka kwenye yale madaftari. Hata kidogo. "Jina halisomwi," alikuwa akimwambia binti yake mkubwa, Aurélie. "Jina linaitwa."

Kwa hiyo siku tatu kabla ya kila sherehe alifunga kitambaa kichwani, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, akaenda nyumbani kwa kila mwanamuziki aliyekuwa kwenye orodha. Hakutaka kuandikiwa. Aliuliza swali moja: "Hapa nyumbani, nani anakuitaka kwa chakula?" Kisha alikaa jikoni na huyo mtu, akachambua mboga, akangoja mpaka jina liitwe kweli, kwa hamu au kwa hasira, namna jina linavyoitwa likiwa kwao. Kwa Rhugwasanye alikaa kuanzia saa sita hadi saa kumi, maana siku hiyo mama mtu alikuwa amemnunia mwanawe na hakutaka kumwita. Aliporudi Mabanga alitwanga sombe, majani ya muhogo, na kila mchi uliposhuka alitoa kipande kimoja cha jina. Majirani walijua: Mama Aurélie akitwanga huku anaongea peke yake, Jumamosi kuna arusi.

Watu walimwona mtu wa kujisumbua bure. Hawakujua alikokuwa amejikwaa.

Arusi yake ya kwanza kuiongoza ilikuwa hapo hapo Mabanga, kabla lava haijapita katikati ya mji. Alikuwa na miaka thelathini na karatasi mkononi. Alisoma mpiga gitaa, vizuri. Alisoma mpiga ngoma, vizuri. Mtu wa tatu alikuwa mwanamume mrefu kutoka Rutshuru aliyepakata ikembe, kile kisanduku cha mbao chenye ndimi za chuma zinazochezwa kwa vidole gumba. Gisèle akatazama jina lake kwenye karatasi, herufi zikaanza kutembea, watu mia mbili wakamkodolea macho. Akasema, "Na yule mwingine." Basi. Makofi yakapigwa. Yule mwanamume akakifunga kisanduku chake ndani ya kitambaa, akasimama, akatoka polepole katikati ya meza bila kumgusa mtu. Gisèle alibaki akiutazama mgongo wake. Alimtafuta wiki nzima, akaambiwa amerudi kwao. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tangu siku hiyo hakushika karatasi tena arusini, na donge lile lilimkaa rohoni kama jiwe kwenye kiatu.

Miaka ishirini na sita baadaye, mwezi wa kwanza, akiwa na miaka hamsini na sita, Gisèle aliamka asubuhi akataka kumwambia Aurélie alete maji, na maneno yakatoka yamelala upande. Mdomo ulikuwa umeanguka upande wa kushoto. Mkono wa kushoto nao ulining'inia. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wake sasa ulikuwa kama umeoteshwa mmoja. Hospitalini walimwambia ameponea chupuchupu, na mtaalamu wa kunyoosha viungo akampa orodha ya maneno ya Kifaransa ya kufanyia mazoezi kila siku. Gisèle aliitazama ile karatasi kwa dharau. Hakuwahi kujifunza neno kutoka karatasini, na hangeanza sasa.

Miezi mitano hakushika mikro. Sherehe zake zilichukuliwa na Jean-Bosco, kijana wa redio, mwenye suti ya buluu na sauti ya asali. Jean-Bosco hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mwepesi tu. Kwake kila mwanamuziki aliitwa "legenda wetu", na kila legenda alirudi nyumbani bila jina.

Ndipo siku moja mwanamke wa Ndosho akabisha hodi. Alikuwa Dancille, mjane, muuza viazi, aliyekimbia vita vya Rutshuru pamoja na watoto wake na baba mkwe wake. Binti yake Igihozo alikuwa anaolewa baada ya majuma matatu.

"Mama, muzee wetu anapigaka ikembe," Dancille alisema. "Igihozo anataka babu yake amupigie ku arusi. Muzee amekatala. Anasema: 'Siwezi piga pahali haijaniita.' Banatuambia kama weye njo unajuaka kuita batu."

"Unasikia vile nasema?" Gisèle akamwonyesha mdomo wake. "Hii kinywa iko nusu. Muende kwa Jean-Bosco."

"Tulienda. Alisema atamwita legenda."

Gisèle akacheka, na kicheko chenyewe kikatoka upande mmoja. "Basi jina yake ni nani?"

Dancille akainamisha macho. Badala ya kujibu alitoa kadi ya uchaguzi ndani ya kitambaa na kuiweka mezani. "Njo hii. Miye siwezi kuitamuka. Ni baba ya bwana yangu."

Ndivyo walivyo watu wa kwao walioshika desturi: mke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe, wala hakaribii neno linalofanana nalo, mpaka kaburini. Dancille alikuwa amempikia yule mzee miaka ishirini na miwili, amemfulia, amembebea magodoro barabarani wakati wa kukimbia, na jina lake halijapita midomoni mwake hata siku moja.

Gisèle akaichukua kadi, akaisogeza dirishani. Théoneste Ntawuhiganayo. Herufi zilikuwa zile zile. Na uso wa kwenye picha, ingawa umezeeka, ulikuwa wa yule mwingine.

Akairudisha kadi mikononi mwa Dancille. "Nitakuya," akasema. "Ata kama kinywa itabakia kwa njia, nitakuya."

Aurélie alipiga kelele siku nzima. Mama yake alikuwa ameshaanza kutafuta kitambaa cha kichwani.

Kesho yake alifika Ndosho, kwenye kiwanja kilichozungushiwa ukuta wa mawe meusi. Alifika na swali lake la siku zote: nani humwita mzee kwa chakula? Ndipo akagundua ugumu wa kazi aliyoibeba. Wajukuu walimwita Sogokuru, babu kwa Kinyarwanda. Majirani walimwita Muzee. Dancille hakumwita kabisa. Alipeleka sahani na kukohoa. Mke wake Thérèse alikuwa amekufa, kaka zake wamekufa, aliochunga nao ng'ombe wamekufa au wametawanyika. Ndani ya mji wenye watu zaidi ya milioni hapakuwa na kinywa hata kimoja kilichokuwa kinalitumia jina la yule mzee.

Akiwa bado anawaza, Dancille akaita, "Igihozo!" Kutoka nyuma ya nyumba ikatoka sauti ya msichana: "Karame!"

"Anajibu nini?" Gisèle akauliza.

"Ni heshima tu, mama. Mutoto akiitwa na mukubwa wake njo vile anaitika."

Mzee alikuwa chumbani, mlango wazi, akinyoosha waya wa mwavuli mbovu kwa nyundo ndogo ili autie kwenye ikembe yake. Aliinua macho akamtazama Gisèle, kuanzia kitambaa hadi viatu.

"Weye njo ule wa 'yule mwingine'," akasema.

Miaka ishirini na sita, na mzee hakuhitaji hata kufikiri. Gisèle alitamani ardhi ipasuke. "Niko mimi, Muzee. Nimekuya kuomba musamaha."

"Musamaha nilitoa zamani. Jina njo haujanipatia."

"Basi nisaidie. Jiite mwenyewe, nisikie."

"Mutu hajiitake mwenyewe, mama," alisema, akarudi kwenye waya wake. "Nani ataitika?"

Gisèle alitoka pale amekasirika, na wenye kumjua wanasema akikasirika ndipo anapokuwa mtu wa maana. Kama hapakuwa na mtu wa kumwita mzee, basi yeye angekuwa huyo mtu. Tangu siku ile, kila asubuhi saa mbili, alishuka kwenye moto mbele ya ule ukuta wa mawe, akashikilia nguzo ya mlango kwa mkono wake mzima, akaita: "Ntawuhiganayo!"

Siku ya kwanza likatoka kama uji unaomwagika. Ndani, ikembe iliyokuwa ikilia ikanyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Hakuna aliyeitika. Akaita mara kumi, akarudi Mabanga. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne watoto wa jirani walikuja kukaa kwenye mawe kumtazama, wengine wakimwigiza mdomo. Siku ya sita mama mmoja aliyekuwa anachota maji akamwonea huruma: "Mama, muko na nani anawapeleka ku hospitali?" Gisèle akamshukuru, akaita tena. Jasho lilimtoka utadhani anabeba gunia la makaa. Haba na haba hujaza kibaba, alijiambia, lakini kibaba kilikuwa kinavuja: kila alipofika katikati ya jina, mdomo ulianguka, na ikembe ikaendelea na mambo yake kana kwamba hakuna mtu mlangoni.

Siku ya tisa alichoka. Aliita mara moja tu, akaegemea nguzo, akafunga macho. Kwa kuwa safari hii hakuharakisha kuita tena, alisikia kilichofuata. Ikembe ilinyamaza. Kisha ikatoa sauti sita, polepole, ikanyamaza tena.

Akafungua macho. Akaita. Zikaja zile zile sita.

Nta, wu, hi, ga, na, yo. Alizihesabu kwa vidole kwenye paja lake. Sauti zilipanda mahali ambapo yeye alikuwa anashuka, zilikaa mahali ambapo yeye alikuwa anakimbia. Siku tisa yule mzee alikuwa anamfundisha, na yeye, mwita majina wa Goma, alikuwa anajisikiliza mwenyewe tu! Mtu hajiiti kwa kinywa, sawa. Lakini mzee alikuwa na vidole gumba viwili, na hivyo havikukatazwa.

Alicheka pale mlangoni mpaka watoto wakaogopa. Kisha akaita, taratibu, akifuata chuma.

Tangu hapo kazi ilikuwa ya watu wawili, ingawa hawakuonana usoni. Yeye nje, mzee ndani. Aliita, alisahihishwa. Nyumbani alimwomba Aurélie amwekee kinu katikati ya magoti, akatwanga kwa mkono mmoja, mapigo sita ya mchi kila alipoliita jina. Mdomo ulianza kutii, si wote, ila kiasi. Lakini mzee hakuitika. Majuma matatu yaliisha na hakuitika hata mara moja, na Gisèle alikwenda arusini bila kujua kama jina limetimia au bado.

Familia ya bwana arusi ilikuwa imekwisha kumchukua Jean-Bosco. Dancille aliwaomba jambo moja, wakakubali kwa shingo upande: Jean-Bosco aongoze sherehe yote, ila jina moja apewe Mama Gisèle.

Ukumbi ulikuwa Kyeshero, saa tisa alasiri, ziwa likionekana madirishani. Jean-Bosco aliendesha mambo vizuri, lazima asifiwe. Keki ilikatwa, wazazi walisimama, mjomba aliketishwa. Mzee Théoneste alikuwa kwenye kona ya mbali, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, ikembe magotini ndani ya kitambaa. Hakuwa ameifungua. Gisèle alikiona kile kitambaa, na alijua vizuri jinsi kinavyobebwa kwenda nje.

Jean-Bosco akamkabidhi mikro. Watu waliomjua tangu zamani waliona mdomo wake wakaacha kula kwa huruma. Wasiomjua wakaendelea kula. Akavuta pumzi. "Ntawuhi..." Mdomo ukaanguka. Kilichosalia kilitoka kwenye vipaza sauti kama maji kwenye bomba bovu. Meza ya vijana ikacheka. Kule kwenye kona mzee hakutikisika. Igihozo, ndani ya nguo yake nyeupe, aliufunika uso kwa maua.

Jean-Bosco alikuwa na moyo wa kumstahi. Akasogea, akanyoosha mkono kuchukua mikro, na tayari alikuwa anasema, "Basi, wapendwa, makofi kwa muzee wetu wa..."

"Hapana!" Gisèle akaifunika mikro kwa kiganja. "Hapana, mutoto yangu. Ile nilishaifanya."

Akaiweka mikro mezani. Kosa lilikuwa pale, aliona sasa: majuma matatu hakuna aliyempa mikro kule ukutani. Akageuka akaelekea ile kona, akaweka mkono wake mzima kwenye paja ili ushike mapigo, na akaita kama anavyoitwa mtu aliye mbali shambani, chakula kikiwa tayari na jua linashuka.

"Nta-wu-hi-ga-na-yo!"

Mdomo ulivuta kidogo, ndiyo. Haikuwa sauti ya redio. Lakini lilipanda mahali pa kupanda, likakaa mahali pa kukaa, na lilitoka lote, likapita juu ya meza zote mpaka ukutani. Wazee wa Rutshuru waliokuwapo waligeuza vichwa kumtafuta aliyeitwa. Dancille aliinamisha macho kama desturi inavyomtaka, na machozi yakamdondokea kwenye sahani, kwa kuwa lile jina alilolitunza kwa kutolisema miaka ishirini na miwili sasa lilikuwa limesemwa vizuri mbele za watu.

Mzee Théoneste alisimama. Ilimchukua muda, magoti yalikuwa na miaka themanini. Akavuta koti, akainua uso, na kwa sauti nyembamba iliyosikika ukumbi mzima akaitika:

"Karame!"

Jibu la mtoto. Mzee wa wajukuu kumi na moja alimjibu mwanamke wa Mabanga kama mtoto anayemjibu mama yake. Hakuna aliyecheka. Hata ile meza ya vijana iliweka uma chini.

Alitembea katikati ya meza, njia ndefu, akafika mbele, akaketi kwenye kiti alichowekewa. Akafungua kitambaa, akaweka vidole gumba juu ya chuma. Watu wakangoja muziki. Lakini mzee hakupiga. Alimtazama Gisèle, aliyekuwa amesimama karibu naye, shavu la kushoto limelowa na yeye hajui.

"Ita tena, mama," akamwambia polepole.

Gisèle akaita. Mzee akaitika, kisha akaanza kupiga.